Mzee wa Benchi la Nyuma

Bwana asifiwe, kamwene, nawasalimu nyote. Ninyi wa nyuma kabisa, pale karibu na masufuria, mnanisikia? Kama hamnisikii inueni mkono, maana huyu tunayemsindikiza leo alikuwa na ugomvi mmoja tu na wasomaji, nao ni sauti. Mimi ni Justine Mlowe, mwinjilisti wa Makambako, familia imeniomba nisome historia yake, na nikihamahama hapa mbele mtanisamehe, tangu juzi miguu yangu haitaki kutulia.

Marehemu Mzee Ebeneza Amos Ngailo alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 huko Matamba, Makete, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Amos na Mama Dainess, akasoma shule ya misheni huko huko hadi mwaka 1961, kisha akaja Njombe kujifunza useremala, kazi aliyoifanya mpaka alipoitwa chuo cha Biblia mwaka 1970. Januari 1973 alipangiwa Makambako, reli ikiwa ndiyo kwanza inajengwa, akahudumu huko kama mwinjilisti hadi alipostaafu mwaka 2006 na kuhamia hapa Njombe, mtaa huu wa Ramadhani. Tarehe 14 Septemba 1974 alifunga ndoa na Mama Ema Mligo, huyu hapa mbele yetu, wakajaliwa watoto watatu, Esnath, Aron na Stella, na wajukuu saba.

Wa nne ni mimi, ingawa sikuzaliwa humo. Nilikuwa utingo wa lori pale stendi ya Makambako, mwaka 1993, mdomo mchafu, pombe tangu asubuhi, Mzee akanipa Biblia akaniambia Jumapili utasoma somo, wazee wa kanisa wakapiga kelele weee, yeye akaenda zake kukaa benchi la mwisho, na kila sauti yangu ilipodidimia aliinua mkono juu, kama mtu anayesimamisha basi, nami nikarudia mstari kwa sauti zaidi mpaka akaushusha. Alifanya hivyo miaka yote, hata nilipokuwa mwinjilisti mwenyewe. Lakini kumshukuru sasa, ndugu zangu, ilikuwa haiwezekani, ukianza tu, Mzee, mimi bila wewe, anakuuliza kama mahindi umeshapalilia.

Februari mwaka huu alianza kusumbuliwa na moyo, miguu ikavimba, akalazwa hapa Njombe. Mwishoni mwa Mei akaniita, akaniagiza niandike historia yake nimsomee yeye mwenyewe angali hai, kwa sababu, alisema, hizi habari mnasomeana ninyi kwa ninyi, mwenye habari zake hasikii hata neno. Nilifurahi mno, maana nilijua mwishoni, kwenye shukrani, nitachomeka na zangu, na safari hii hana pa kukimbilia. Nikasoma kando ya kitanda. Nilipofika pale nilipoandika kwamba hakuwahi kugombana na mtu, akasema futa, niligombana na wazee wa kanisa miaka miwili juu ya choo, andika, na choo kilijengwa. Tulikuwa bado tunacheka Mama Ema alipoingia na uji, akasikia neno marehemu, loo! Akaninyang'anya karatasi, akaniuliza nina akili kweli, uchuro gani huu wa kumtangazia mtu msiba wake na macho anayo, akanifukuza wodini kama mbuzi aliyeingia jikoni.

Nikarudi Makambako shukrani zangu hazijasomwa. Kila simu ilipoita niliruka, Jumapili nilihubiri na sikumbuki nilisema nini. Nilikuwa na hasira, nasema wazi, tena hasira na huyu huyu Mama yangu, mtu anaondoka na asante yangu imenikwama kooni.

Jumanne tarehe 11 Juni, mchana, Mama mwenyewe akapiga simu, akasema njoo, na uwahi. Nilimkuta Mzee amefumba macho, haongei tangu asubuhi. Mama akatoa ile karatasi kwenye pindo la kanga, akasema, soma, mwanangu, anza pale nilipokukatiza. Herufi sikuziona kwa machozi, nikaiweka chini, nikamwinamia Mzee sikioni, nikanong'ona, asante, Mzee, ulinitoa stendi. Halafu mkono wake ukatoka chini ya blanketi, ukapanda taratibu, ukasimama.

Nikanyooka, nikasema tena kwa sauti ile ya kanisani, asante, Mzee, ulinitoa stendi! Wodi nzima ikageuka, muuguzi akaja mbio kunikemea, na mkono ukashuka. Mzee Ngailo alifariki kesho yake, Jumatano tarehe 12 Juni 2024, alfajiri, Mama akiwa pembeni yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, pamoja na yule aliyenikemea, majirani wa Ramadhani mlioleta kuni na kukaa nasi kwenye baridi hii ya Juni, wainjilisti wenzake wa Makambako, na wewe Mama Ema, uliyeitunza karatasi ambayo hukuipenda. Mzee wangu, pumzika sasa kwa amani ya Bwana, shusha mkono, wa nyuma wamesikia.