Bodi Zilizoanikwa Mwihoko

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Mniruhusu nisimame, nikikaa naanza kutikisa mguu.

Mnanijua kama fundi wa kompyuta hapa Ruiru. Msichojua ni ugonjwa wangu. Kiwanda kikitaka kuunda kompyuta, kwanza hutengeneza chache za kujaribu tu, haziuzwi. Moja moja huponyoka, na miaka mingi baadaye zinaishia kwa watu wa skrepu, wale wauza vyuma chakavu, kule Thika. Hizo ndizo nilikuwa nakusanya. Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa namaliza chakula kabla sijawapigia watu wa skrepu simu. Nyumba yetu ya Mwihoko ikajaa maboksi, hata zamu yetu ya kuwakaribisha kwa sala ikifika natafuta kisingizio.

Siku moja nikapata bodi ya majaribio, ule ubao wa ndani ya kompyuta, ya zamani kweli. Chipu zake, vile vipande vya kutunza kumbukumbu, zina kidirisha cha kioo kilichozibwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Karatasi ni ya kuzuia jua, maana jua likipiga hapo siku nyingi, chipu husahau kila kitu. Bibi yangu sikumwambia hayo. Nikasafiri kikazi wiki nzima. Yeye akaona mende na vumbi, akabandua karatasi chafu, akaanika bodi zote juu ya mabati vile tunaanika maharagwe.

Niliporudi nilimwambia maneno siwezi kurudia mbele ya watoto. Kesho yake akachukua binti yetu, akaenda kwao Ngoliba.

Nikabaki na maboksi. Nafungua, nafunga, natoka nje, narudi. Ndipo mama mmoja wa hapa jumuiyani akabisha hodi, hata chai akakataa. Nilipomweleza yote akasema, "Baba, hiyo mashine imesahau yote kwa wiki moja. Wewe utakumbuka mpaka lini?"

Nikaenda Ngoliba, nikaomba msamaha mbele ya wazazi wake. Kisha nikamuuliza pole pole, kwani ulizianika za nini? Akasema, "Si vumbi lilikuwa linakukohoza usiku."

Kweli nilikuwa nakohoa. Mimi mwenyewe sikuwa nimejisikia, akili ilikuwa kwa skrepu.

Asante, mama uliyebisha. Asanteni nyinyi mliobeba maboksi kuyatoa. Bado nikipita Thika miguu inawasha, mniombee. Lakini ukipata kitu chako kimeharibiwa nyumbani, uliza kwanza mwenzako alikuwa anaokoa nini. Wangu alikuwa ananiokoa mimi.