Madam Juliana na Pengo la Eta

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha famasi fizikia, yaani fizikia ya dawa, chuoni kwetu hapa Kibaha, Madam Juliana Lucian anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Anakwenda kutulia Mbwawa na kuku wake, ambao sisi tunawaonea huruma, maana sasa watasimamiwa kutwa nzima.

Alipoanza kazi mwaka 1994 alipewa darasa dogo la stashahada lililoziogopa herufi za Kigiriki kuliko sindano. Na ziko nyingi, jamani! Ro ni densiti, gama ni mvutano wa uso wa maji, eta ni mnato, yaani kile kinachofanya asali ichelewe kutoka kwenye chupa. Wanafunzi walizikariri usiku, asubuhi zimeyeyuka.

Ndipo akabuni utaratibu wake. Siku ya kwanza kila mwanafunzi anapewa herufi, na ni yeye peke yake anayeruhusiwa kuiandika ubaoni mwaka mzima. Asipokuja, nafasi yake kwenye fomula inabaki wazi. Mimi Calist, jirani yake wa meza, nilimcheka sana. Lakini kwa mahudhurio ya darasa, hakuna mwalimu aliyemfikia.

Mwaka 2009 eta ilimwangukia Swaumu Seifu, binti wa Msimbu, Kisarawe. Alifeli jaribio la kwanza, akaona famasi siyo saizi yake, akafungasha akarudi kulima mihogo na mama yake. Simu hapokei. Huku darasani wakafika kwenye fomula inayoeleza kwa nini dawa ya maji hutuama chini ya chupa, na bila eta fomula hiyo haiendi popote. Madam akaacha pengo. Mkaguzi alipouliza, akajibiwa kwa heshima zote kwamba mwenye herufi yuko Msimbu, anasubiriwa. Mtihani ukakaribia, wanafunzi wakalalamika, mkuu wa idara akamwita. Mama huyu ni king'ang'anizi! Pengo likabaki pale pale.

Jumamosi darasa zima likaenda Msimbu, likamkuta Swaumu uani anamenya mihogo. Wakamwambia bila yeye wanafeli wote. Alicheka, kisha akalia, kisha akaomba wamsubiri akaoge. Jumatatu aliandika eta yake ubaoni, kubwa kupita kiasi, na Madam akaendelea na somo kana kwamba hakuna lililotokea. Ofisini ndiko alikojifungia akalia. Tulimsikia. Siku zote zile alikuwa akiogopa kwamba amempoteza binti wa watu, na sisi tulidhani ni ubishi tu.

Leo Swaumu ni mwalimu mwenzetu, na ndiye anayepokea darasa hilo. Ameshatangaza jambo moja, na idara imeliafiki: kuanzia sasa eta hapewi mwanafunzi yeyote. Ni ya Madam Juliana.

Kwa hiyo, Madam, asante kwa yote. Tunakupenda, na ofisi itapwaya bila wewe. Mungu akujalie afya, mayai tele na usingizi wa mchana usiokatishwa na kengele. Ila usijisahau sana huko Mbwawa. Tukifika kwenye somo la dawa za maji, pengo litakuwa ubaoni, na darasa zima linapajua kwako.