Mkate Ambao Isham Hajauonja

Nyamazeni, wanangu, nisikilizeni mama yenu ningali na pumzi, maana mnagombea mchungaji wa kunizika na bado sijafa.

Elbert, wewe ni Mmethodisti wa kanisa la Kiafrika, kanisa la baba yako. Drusilla, umeolewa kwa Wamethodisti wa Weusi, kanisa la mjomba wako, wale kaka yako anaowaita kanisa la jikoni kwa mabwana waliotumiliki. Niambieni tofauti! Nyimbo zilezile, ubatizo uleule, na maaskofu wao wote wanatufokea vilevile. Tulipotoka utumwani wazungu walituachia jumba la kanisa. Baba yenu Lucius akataka tulipeleke kwa askofu wetu wenyewe, kaka yangu Isham akasema hati wanayo wazungu, tufuate wanaoelewana nao, tusije tukapokonywa. Jumapili moja Lucius akaziba mlango wa kanisa, Isham na wenzake wasiingie.

"Shemeji, pisha!"

"Nenda kawapikie mabwana zako!"

Isham akampiga kwa mpini wa shoka, akaendelea kumpiga ameshaanguka, mpaka fuvu likabonyea, nami nikaokota meno ya mume wangu kizingitini nikayatia kwenye aproni. Sherifu, yule mkuu wa polisi mzungu, alicheka tu, mweusi kaua mweusi. Watu wetu wakalichoma jumba, pande zote mbili zikalikosa.

Sijamsamehe. Msije mkanizushia msamaha kwenye mahubiri.

Lakini Drusilla ameniambia kwamba kwenye karamu ya upendo kanisani kwao, mkate na kikombe cha maji vinapopita mkono kwa mkono, na mwenye ugomvi na mtu hathubutu kuonja, Isham huvipitisha tu kwa jirani, tangu mwaka ule hadi uzee huu. Jambo hilo limenichoma kuliko nilivyotaka.

Nyumba na shamba la pamba mgawane sawa. Nizikeni kando ya Lucius, wachungaji wote wawili wasome. Na wewe Elbert, nimesikia hiyo bastola ikigonga kiti ulipokaa. Unataka kumvizia mjomba wako kaburini kwangu. Ilete. Iweke hapa miguuni, nizikwe nayo, na chuki yangu nizikwe nayo, isibaki kwenu hata chembe.

Drusilla, mkate... na maji. Mwite Isham, yuko barazani, namsikia akikohoa.

Karibu, kaka. Piga magoti hapo.

Mkono hauinuki. Elbert, mwanangu, nishikie kikombe... siwezi. Mpe wewe. Mungu awabariki, awa... Mpe, Elbert. Mpe anywe.