Kochi Lililolazwa Hospitali

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto, asije akaniunguza mimi na chakula chake.

Leo tunamkumbuka Fundi Makochi. Ametutoka wiki iliyopita. Ametoka akiwa mzee, usingizini, kitandani kwake, mkewe kando yake. Binti yake alinipigia simu akaniambia, "Mzee wangu, tafadhali usiwalize watu. Baba hakupenda." Nikamwambia, binti yangu, mimi nikijaribu kulia hutoka kikohozi tu. Kwa hiyo leo hatulii. Tunasimulia.

Mtakumbuka fundi huyu alifanya kazi misumari ikiwa mdomoni. Ile midogo ya kubania kitambaa kwenye mbao. Anajaza mdomo, anausukuma mmoja kwa ulimi, nyundo, ta! Mwingine, ta! Ukimsalimia, "mm." Ukimuuliza kochi lako litakwisha lini, "mm." Mkewe alikuwa akisema, "Mimi sikuolewa na mume, niliolewa na kopo la misumari."

Mkewe naye mshonaji. Kava zote za mito alishona yeye. Mwanamke asiyejua kukaa kitako, yule. Walingoja mtoto miaka mingi, mpaka ndugu wakachoka kuuliza. Mwishowe mimba ikaingia. Ikaenda salama, ikakua, ikabaki kidogo tu. Asubuhi moja mama akaona damu.

Hospitali wakamlaza siku kadhaa, damu ikakata. Daktari akawaeleza kwamba kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa mtoto. Narudia, maana redio zenu nyingine zinakoroma. Kondo lilikuwa limeziba mlango wa mtoto. Daktari akasema, "Mama, cherehani basi. Ndoo basi. Nenda kapumzike. Na damu ikitoka tena, mje hapo hapo, hata kama hakuna maumivu."

Hata kama hakuna maumivu. Fundi alitoka pale akiyasema maneno hayo njia nzima.

Sasa, kumpumzisha mwanamke yule! Fundi akienda karakana, akirudi anamkuta anafagia.

"Mke wangu, tumekubaliana nini?"

"Nilikuwa napita tu, ufagio ukanishika."

"Ufagio umekushika?"

"Ukanishika mkono, baba. Ningefanyaje?"

Fundi hakugomba. Alijua mwenzake hafagii uchafu, anafagia hofu. Akilala peke yake mle ndani anabaki kuhesabu mateke ya mtoto, na teke likichelewa, roho inapaa. Basi kesho yake fundi akabeba nyundo, mbao, sponji na springi, akahamishia karakana sebuleni. Majirani wakacheka, eti Fundi amewekwa kizuizini. Akawaambia, "mm."

Kisha akamwambia mkewe, "Nina kazi nataka mtu wa kuifanya."

"Kazi gani, na mimi nimekatazwa?"

"Kulala. Ulale kwenye makochi ya watu. Mimi mwili umeota sugu, sisikii kitu. Wewe na tumbo hilo utasikia hata punje ya mchanga. Lala, uniambie panaumiza wapi."

Wee! Mama akaishika kazi ile kama kaajiriwa na serikali. Analala kwa ubavu, anaamuru. "Hapa springi inanichoma." "Hapa umepunja sponji. Umepunja, baba, usinikodolee macho." Fundi anafumua, anarudia. Majirani wakampa jina, Mama Mkaguzi. Wenye makochi ya msimu ule mpaka leo wanaringa nayo, na wana haki. Mimi la kwangu nilinunua msimu mwingine, mgongo wangu unalijua hilo, lakini hayo tuyaache.

Ikaja alasiri moja. Palikuwa na kochi refu la mama mwenye saluni. Limekwisha, bado kitambaa cha nyuma tu. Pikapu iko mlangoni, dereva anapiga honi. Mama Mkaguzi yuko juu ya kochi, anakagua mara ya mwisho. Akapapasa kitambaa chini yake.

"Baba, nimelowa."

"Mm?"

"Ni damu. Lakini siumwi. Siumwi hata kidogo. Wewe malizia kochi la watu, gari linangoja."

Fundi alitema misumari yote, ikatawanyika sakafu nzima. "Usisimame! Usitikisike!" Akakimbia mlangoni. Dereva akamtolea macho.

"Fundi, mimi nimetumwa kochi. Sikutumwa mgonjwa."

"Nami nakupa kochi. Hilo hapo. Libebe!"

Basi wakalibeba, mama akiwa amelala juu yake. Dereva huku, fundi kule, majirani katikati. Wakalipandisha kwenye pikapu hivyo hivyo. Barabarani watu wanashangaa, mama kajifunika uso kwa kanga. Fundi kapiga magoti kando yake.

"Wananitazama," mama akasema.

"Waache wapate faida."

Kidogo akauliza kwa sauti ndogo, "Nikifa je?"

Fundi akamshika mkono. Akasema tu, "Nipo hapa." Akarudia, "Nipo hapa." Mpaka wakafika.

Mama akapelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji. Akahitaji kuongezewa damu. Wakampima fundi, damu yake ikakataa. Akatoka nje, akakaa juu ya lile kochi, limeachwa barazani. Watu wanapita, yeye hawaoni.

Ndipo akatokea mama mwenye saluni, kavimba.

"Fundi! Nangoja kochi langu, naambiwa limelazwa hospitali!"

Fundi akainua uso. Yule mama akaiona damu kwenye kitambaa. Hasira zote zikamwisha, akakaa chini kando yake.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Ndani. Wanataka damu, yangu haifai."

Mama mwenye saluni akapandisha mkono wa gauni. "Wapime yangu." Wakapima, ikafaa, wakaitoa.

Akarudi, wakakaa pale wawili. Mpaka nesi akatoka.

"Baba mtoto nani hapa?"

Fundi akainuka.

"Kaa tu, baba. Umepata binti, analia vizuri. Na mama anauliza kama kochi la watu limefika."

Binti mwenyewe ndiye huyo aliyenipigia simu. Na karakana, wasikilizaji, haikutoka tena sebuleni. Ilibaki pale maisha yao yote.

Juzi nilikwenda kumpa pole mjane wake. Nilimkuta ametulia. Akaniambia, "Siku ile niliogopa kufa, lakini sikuogopa peke yangu. Naye hakuondoka peke yake. Mimi nina nini cha kulalamika?"

Kwako mama, kwa binti na wajukuu, poleni sana, sisi sote hapa tuko pamoja nanyi. Mungu amlaze Fundi mahali pema.

Nanyi waume mnaonisikiliza, likumbukeni hili mkienda kulala. Mkeo mjamzito akikuambia ameona damu, usimuulize kama inauma. Tafuta gari.