Ubao wa Fundi Nasahihisha

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa posta. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mpanga barua na mama mshonaji. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumharakisha kukubali jambo.

Wasifu huu unasomwa na kitinda mimba wake. Dada mkubwa ameagiza kwamba wasifu hauna "mimi", kwa hiyo kitinda mimba atajitaja kama mtu mwingine. Akibabaika, mvumilieni.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha akaingia shule ya ufundi, alikohitimu mwaka 1970. Huko ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mlidhani ni la kuzaliwa. Ijumaa ya tarehe 18 Julai 1969, darasa zima lilipokuwa linangoja habari za watu waliokuwa njiani kwenda mwezini, yeye aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Hawatatua." Jumatatu yake mwalimu wa fizikia aliingia darasani, akasoma maneno yale, akamwekea chaki mkononi. Alimwambia kwamba aliyekosea mbele za watu husahihisha mbele za watu, tena bila kufuta, maana anayefuta anajifanya hakuwahi kukosea. Kijana akaandika chini yake: "Nasahihisha. Wametua." Wenzake walicheka mpaka kengele ikalia, na kutoka hapo hakuitwa tena kwa jina la nyumbani, ila Nasahihisha.

Mwezi Januari 1971 aliajiriwa na kampuni ya simu kama fundi wa laini, akaitumikia miaka kumi na tisa. Kazini humo alimwona opereta mmoja wa simu, akashindwa kuzungumza naye kama mtu mzima. Alichofanya ni kumpigia na kuripoti laini ya kwake kuwa mbovu mara tatu kwa wiki, huku fundi wa kuitengeneza akiwa ni yeye mwenyewe. Wiki ya tano opereta alichoka.

"Laini yako haina ubovu," alimwambia. "Au mbovu ni wewe?"

"Ni mimi," alijibu marehemu.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1978, na Mungu akawajalia watoto watatu: binti ambaye leo ni muuguzi, kijana ambaye ni dereva wa lori, na kitinda mimba, ambaye hutengeneza gemu za kompyuta. Kazi hii ya mwisho ilimsumbua sana marehemu, kama mtakavyosikia.

Tarehe 3 Februari 1990 alifungua karakana yake mwenyewe ya redio na televisheni, chumba chenye dirisha moja mkabala na kituo cha basi. Ndani kulikuwa na meza mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kutengenezea, na ya pili ya kujaribia. Kifaa kilichopona kilihamia meza ya pili kikafanya kazi siku nzima mbele ya macho yake kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Wenye haraka walikwenda kwa mafundi wengine, wakarudi wiki iliyofuata wameinamisha vichwa.

Mlangoni alitundika ubao mweusi, akaugawa katika safu nne: Gemu, Teknolojia, Kriketi, Anga. Kila asubuhi alisikiliza habari, akapiga chai yake, kisha akaandika anavyoona. Ya zamani aliyapangusa kupisha mapya, ila neno lililobishiwa lilibaki mpaka lisahihishwe. Waliongoja basi walisoma. Wengine walilikosa basi kwa sababu ya kubishana naye.

Mengi mnayakumbuka. Zilipokuja simu zisizofunguka mgongo, aliandika: "Simu usiyoweza kuifungua si yako, umeazimwa." Habari za akili bandia zilipopamba moto, aliandika: "Inajibu kila swali na haijui kusema sijui. Watu wa namna hiyo nimewahi kufanya nao kazi." Chombo kimoja kilipotua mwezini kikalala ubavu, wapita njia walikicheka, lakini yeye alikitetea: "Kimefika. Kusimama ni jambo lingine." Na siku ile roketi iliporudi kutoka juu ikadakwa na mikono ya mnara, alitoka nje na kandambili moja mguuni, akaenda moja kwa moja duka la dawa la jirani kumwambia mwenye duka kwamba hatimaye anga na kriketi vimekuwa mchezo mmoja, wa kudaka.

Kriketi ilimwingia kwa bahati. Mwamuzi mmoja mstaafu alileta televisheni yake Jumatatu. Ilipona siku hiyo hiyo, ikahamishiwa meza ya pili, na hapo ikaonyesha mechi ya siku tano. Mwenye mali alipoifuata aliambiwa bado ipo kwenye uangalizi, na kweli ilikuwa imeangaliwa sana. Marehemu alisema mchezo unaosimama ili watu wanywe chai una adabu. Mwenye duka la dawa akawa mshindani wake wa kudumu. Ndiye aliyemwacha, mwaka 2011, aandike sifa ndefu za ushindi wa dakika za mwisho, akijua fika kwamba ni marudio. Kesho yake ubao ulisomeka: "Nasahihisha. Mechi niliyoishangilia jana ilichezwa miaka sita iliyopita. Furaha yangu naomba ibaki."

Sasa kitinda mimba afike kwenye lile ambalo familia imelizunguka kwa muda mrefu.

Kwa miaka minne yeye na wenzake wawili walitengeneza gemu. Ndani yake kuna mji uliopoteza sauti zote. Mchezaji huingia nyumba baada ya nyumba, nyumba kumi na mbili, akitengeneza redio, na kila redio ikipona sauti moja hurudi mjini: mvua, kengele ya shule, kicheko cha mtu. Gemu ilitoka Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2019. Asubuhi hiyo alimpelekea baba yake karakanani. Marehemu aliicheza amesimama, miwani ikiwa juu ya paji la uso, kwa robo saa, nyumba ya kwanza na nusu ya pili. Kisha akatoka akaandika chini ya Gemu: "Gemu ya mwanangu. Inapendeza macho. Haina mtu ndani."

Kituo kizima cha basi kilisoma. Kitinda mimba alimwomba baba yake afute, akajibiwa kwamba neno lililobishiwa halifutwi, husahihishwa, na kwamba fundi huandika alichokiona.

"Redio ya mpita njia unaiweka mezani siku nzima," alisema kitinda mimba. "Mimi umenipa robo saa."

Marehemu alirudi mezani kwake. Kitinda mimba hakumwambia kwamba mtu yumo, na kwamba yuko katika nyumba ya kumi na mbili. Aliondoka mjini mwezi huo huo. Kwa miaka sita wawili hao walisalimiana kwa kupitia mama. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Kitinda mimba aliwasimulia marafiki, na hata watu asiowajua, kwamba baba yake hakuwahi kuiangalia kazi yake.

Mama amesema juzi, na ameruhusu lisomwe, kwamba wiki ile ya Septemba marehemu alikuwa amesikia habari za kampuni za gemu kufukuza watu kwa mamia. Aliogopa. Alidhani neno kali lingemrudisha mwanawe kwenye kazi ya mshahara. Mama alimwambia kwamba hiyo si hukumu ya fundi, ni woga wa mzazi, na akamtaka asahihishe. Marehemu alisema hawezi kusahihisha kitu ambacho hajakiona chote, na kuona chote hakuweza, kwa sababu aliona haya kuanza.

Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, marehemu alipatwa na kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia. Alilazwa siku kumi na tisa. Alipoulizwa hali, alimjibu daktari: "Nimefika. Kusimama ni jambo lingine." Mtaalamu wa viungo aliagiza vidole vipewe kazi kila siku. Binti yake alimletea mpira laini wa kuminya. Marehemu aliutazama mpira ule, akaomba aletewe gemu ya kitinda mimba.

Aliicheza nyumbani kuanzia Julai. Kwa kuwa mkono mmoja haukutosha, mwenye duka la dawa alikuja kila alasiri akifunga duka, akashika upande wa kulia wa pedi ya kuchezea, marehemu akashika wa kushoto. Walitakiwa kusogea kama mtu mmoja, nao katika maisha yao yote hawakuwahi kukubaliana hata bao la kriketi. Nyumba ya tatu iliwachukua wiki mbili. Mama anasema walinuniana mara nne, na kwamba nyumba ilikuwa haijachangamka hivyo tangu watoto wahame. Marehemu alikataza kitinda mimba asiambiwe lolote kabla ya kazi kwisha. Kila nyumba ilikaa mezani mpaka aridhike.

Jumanne, tarehe 11 Novemba, waliifikia nyumba ya kumi na mbili. Ndani kulikuwa na chumba chenye dirisha moja na meza mbili. Fundi alikuwa ameinamia redio, huku akipapasa meza akitafuta miwani iliyokuwa juu ya paji lake la uso. Mwenye duka la dawa ndiye shahidi wa kilichosemwa.

"Huyu ni mimi," alisema marehemu.

"Ni nani mwingine anayetafuta miwani aliyoivaa?" alijibu mwenzake.

Marehemu aliachia pedi. Kisha akaomba apelekwe karakanani. Mwenye duka la dawa alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlangoni, akamshikia bega asianguke mbele, naye akaandika kwa mkono wa kushoto. Kesho yake alimpigia kitinda mimba yeye mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Hakusema mengi. Alisema: "Njoo. Ubaoni kuna kitu chako." Kitinda mimba alijibu kwamba ana kazi ya kumaliza, atakuja Jumamosi ya wiki inayofuata. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu ameshafika.

Marehemu aliaga dunia Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, saa kumi alasiri, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Mama alikuwa amemshika mkono ule uliolegea.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, na jirani mwenye duka la dawa ambaye familia imeamua kumhesabu kama ndugu wa damu. Vifaa saba viko meza ya pili, na vyote vimejaribiwa. Wenyewe wanaweza kuvichukua.

Ameacha pia ubao. Uko pale mlangoni, na hautafutwa. Chini ya maneno ya tarehe 6 Septemba 2019, kwa herufi zilizopinda, kuna haya: "Nasahihisha. Mtu yumo. Mimi ndiye niliyetoka mapema."

Kitinda mimba naye aliyoyasema juu ya baba yake aliyasema mbele za watu, na leo watu wapo. Dada anisamehe.

Nasahihisha. Baba aliiangalia kazi yangu, nyumba kwa nyumba, mpaka ya mwisho. Mimi ndiye niliyechelewa kufika.

Pumzika kwa amani, fundi. Sauti zote zimerudi.