Nilivyojifunza Kukaza Tumbo Nikainuka

Wenzangu wenye migongo inayouma, leo zamu ya kusimulia ni yangu. Anayetaka kucheka acheke polepole, maana kucheka nako kunauma, tunajuana.

Mimi ni mkata mkonge hapa Ngombezi. Ndoto yangu ni shamba la michungwa kule Mnyuzi, lakini kwanza mkonge unilipe. Basi nikajenga kifua na mikono kwa pushapu, nikawa natembea kama jogoo. Tumbo na kiuno nikavisahau. Mizigo naiinua mgongo umepinda, tena kwa haraka ili nionekane.

Siku moja nikainama kuchukua mzigo, nikabaki hukohuko. Nikarudi nyumbani nimekunjika. Njiani nikamwamkia mzee mmoja, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba, kijana. Basi inatosha, inuka." Siwezi. Akaenda kumsifia bibi yangu kwa malezi mazuri.

Msimamizi akaniambia, "Wiki sita. Usiporudi, mistari yako ya mkonge nampa mwingine akate."

Nikaja hapa zahanati. Dada yetu wa mazoezi akanifundisha kulalia viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, tumbo limekazwa, huku napumua. Ndugu zangu, nawaambia, kupumua ndiko nilikosahau. Bibi akanikuta sakafuni natetemeka, macho yamenitoka.

"Umedondosha nini, mjukuu wangu?"

Nikazidi kuikodolea sakafu. Akapiga magoti, akaanza kunisaidia kutafuta.

Wiki ya tatu nikataka kuacha. Dada akaniweka kama mtoto anayetambaa, akaniwekea kikombe cha maji kiunoni. "Nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Kikimwagika, tumbo bado limelala."

Kikamwagika. Na kesho yake. Nyumbani Bibi ndiye mjazaji, analalamika sakafu yake imekuwa jaruba la mpunga. Mpaka asubuhi moja nikanyoosha pande zote mbili, maji yametulia. Bibi akakichukua kikombe, akayanywa, akasema, "Sasa nenda kazini."

Nikaenda, wiki ya sita imebaki siku mbili. Nikakunja magoti, nikakaza tumbo, nikainuka na mzigo.

Msimamizi akauliza, "Mbona umesimama tu?"

"Nafurahia kusimama, mkuu."

Namshukuru dada, namshukuru Bibi, na ninyi mlioacha kunicheka nilipokuwa naanguka. Wawili hamkuacha, nanyi asanteni. Neno langu ni dogo: mzigo usogelee kwanza, kunja magoti, kaza tumbo, pumua. Na mgongo ukikukamata usijifiche nyumbani kwa aibu. Njoo. Mkeka wangu ni mpana, nitasogea.