Mama Sisimizi na Kibano Chake

Ndugu waombolezaji, dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sisimizi na yeye akaitika kwa kujidai, alizaliwa tarehe 4 Mei 1956, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akamaliza sekondari Novemba 1974, na hakwenda mbele zaidi.

Tarehe 10 Februari 1976 aliajiriwa kufagia maabara ya wadudu ya chuo kikuu, lakini kwa kuwa mkono wake haukujua kutetemeka, miaka mitatu baadaye alikabidhiwa kibano na hadubini, akawa fundi wa kukata ncha za vipapasio vya sisimizi, zile nyuzi mbili za kichwani zenye vinyweleo vya kunusia, ili ijulikane kama mishipa ya fahamu iliyomo ndiyo inayomwambia sisimizi huyu ni ndugu, yule ni adui.

Tarehe 21 Agosti 1982 alifunga ndoa na fundi cherehani, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni mwalimu, wote wakalelewa kwa marufuku ya kukanyaga sisimizi, ingawa miguu ya kabati la sukari mama mwenyewe aliisimamisha ndani ya makopo ya maji, maana mapenzi ni mapenzi na sukari ni sukari.

Machi 1991, matokeo kwamba sisimizi aliyekatwa ncha hamtambui adui yakiwa yamekwisha kutangazwa na profesa akipongezwa kila kona, aligundua kwamba kibano cha kuwashikia waliokatwa, hicho tu, alikuwa akikiosha kwa sabuni ya manukato, na huenda harufu hiyo ndiyo iliyowapumbaza, basi japo mumewe alikuwa kitandani na mguu uliovunjika, na kibarua chake kingeweza kuota nyasi, alibisha hodi kwa profesa akasema kweli. Profesa alinuna wiki nzima, kisha wakaanza upya, miezi kumi na minne, kwa kibano kilichochemshwa kwa maji matupu, na bado waliokatwa ncha waliwapita wageni bila ugomvi, ilhali wazima waliwavamia papo hapo, na makala ilipochapwa jina la dada lilitangulia la profesa. Tunajivuna, wala hatufichi.

Mwaka 2017 ganzi ilimwanzia vidole vya miguu, ikapanda, na mwezi uliopita daktari alipomchoma sindano nyayoni, sisi tukiwa tumezunguka kitanda tukiomba aseme anahisi, na yeye akituona, alijibu kwamba hahisi kitu, akamwomba daktari aandike hivyo hivyo. Alituaga tarehe 9 Juni 2021, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa maabara walioacha kazi kuja kumbeba.

Pumzika kwa amani, dada, ulichokiona umekisema.